Hadithi ya Hajiri Iliyonifungua Kinywa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe sana! Wazee wa kanisa, shikamooni. Na ninyi wenzangu mliotoka mbali, poleni na safari. Mimi naitwa Mama Stefano. Ni mkulima, nimetoka Mitole, wilaya ya Kilwa, leo asubuhi, na sijawahi kushika kipaza sauti maishani mwangu. Mniombee tu nifike mwisho.

Niseme mapema: ushuhuda wangu haujakamilika. Nimezoea kusikia watu wakishuhudia mambo yakiwa yameisha, mgonjwa amepona, aliyepotea amekaa kiti cha mbele. Wangu mimi bado uko njiani. Nilimwambia mchungaji wetu, "Labda ningoje mpaka uishe." Akanijibu, "Njoo nao hivyo hivyo." Basi nimekuja nao.

Baba Stefano alifariki mtoto akiwa bado mdogo, tukabaki wawili. Jirani yetu, ua kwa ua, ni Bi Mwanahawa, Mama Hamisi. Yeye ni Mwislamu, mtu wa swala zake zote. Hamisi na Stefano walikua kama mapacha. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, Stefano jua likianza kuzama simwoni, ameshahamia kwa Mama Hamisi kungoja futari. Krismasi nikipika pilau, Hamisi ndiye wa kwanza kuuliza kama kuna ukoko. Tulilea hivyo, bila kugawana.

Mwaka mmoja korosho zikatukataa. Maua yalitoka vizuri, yakanyauka. Vijana wetu wakasikia habari za machimbo ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, kwamba watu wanachimba mawe ya thamani wanarudi wanajenga. Wakatuaga asubuhi, wote wawili, wakapanda lori. Stefano aliacha shati lake limeanikwa, lilikuwa bado bichi. Jioni nikalianua, nikasimama nalo mkononi, sijui niliweke wapi.

Mwanzo alikuwa anapiga simu. Baadaye habari za kule zikawa si njema, tukasikia watu wanakimbia vijiji vyao. Simu zikakatika. Ndugu zangu, mnaijua ile sauti ya yule dada kwenye simu? "Namba unayopiga haipatikani." Nilimsikiliza mpaka nikamzoea. Kuna siku nilimgombeza, nikamwambia, "Wewe dada unamjua mwanangu aliko, unanificha!" Nikisonga ugali, nasonga wa watu wawili. Mbwa akibweka, nimeshafika mlangoni.

Na Mama Hamisi? Tulianza kukwepana. Hatukugombana hata neno moja! Ila nikimwona yeye namwona Hamisi, na nikimwona Hamisi namwona wangu anakuja nyuma yake. Naye nadhani ilikuwa hivyo hivyo. Akienda kisimani asubuhi, mimi naenda mchana. Ua ule ule tuliokuwa tunapitishiana chumvi na moto ukawa kimya.

Kanisani nilikwenda. Watu walinipenda, sitawasema vibaya. Mmoja aliniambia, "Dai kwa imani!" Mwingine akasema, "Usilie, kulia ni kukosa imani." Kila mtu alikuwa na jibu la kunipa. Somo likifundishwa, tulisomewa jambo la kwanza, la pili, la tatu, kisha mwalimu anauliza, "Tumeelewana?" Nasi tunaitikia, "Tumeelewana!" Nami naitikia kwa sauti. Sikuwa nimeelewa kitu. Nikifika nyumbani nikipiga magoti, kinywa hakifunguki. Si kwamba nilikataa kuomba. Maneno hayakuwepo! Nilikuwa nakaa pale chini kama gogo, nainuka, nalala. Hicho ndicho kifungo changu, ndugu zangu, na kilidumu muda mrefu.

Bwana akatuletea mwinjilisti mpya, na mkewe, Mwalimu Ester, akapewa darasa la akina mama siku ya Alhamisi. Ni binti wa Lindi mjini, wakati ule alikuwa mjamzito. Siku ya kwanza aliketi nasi mkekani, akaifunga Biblia, akaiweka mapajani. Akasema, "Leo nawasimulia." Wengine wakanong'ona, "Hadithi ni za watoto." Hata mimi nilisema moyoni, huyu hakuandaa somo.

Akasimulia habari za Hajiri. Alivyotolewa nyumbani asubuhi na mapema, mkate na kiriba cha maji begani, na mtoto wake. Walivyopotea jangwani mpaka maji yakaisha. Alivyomlaza kijana chini ya kijiti, akaenda akaketi mbali, maana alisema hawezi kumtazama mwanawe akifa. Akapaza sauti akalia.

Nilikuwa namwona Stefano na chupa yake ya maji juu ya lori.

Alipomaliza hakuhubiri. Akasema, "Nani atanisimulia mimi sasa?" Mama mmoja akajitolea, akasimulia akasahau maji kabisa, wenzake wakapiga kelele, "Na maji je?" Tukacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimecheka lini. Tukaisimulia tena mpaka ikakaa. Kisha akauliza, "Aliyelia ni nani?"

"Hajiri!"

"Na Mungu alisikia sauti ya nani?"

"Ya Hajiri!" tukaitikia wote.

"Mna hakika?"

Akaifungua Biblia, akampa anayejua kusoma vizuri atusomee. Akasoma polepole. Ndugu zangu! Aliyelia ni mama, lakini iliyosikiwa ni sauti ya kijana, huko huko aliko. Mwalimu Ester akanigeukia mimi. "Mama Stefano, wewe unaonaje hapo?"

Jamani, tangu mwanangu aondoke, niliambiwa mengi. Kuulizwa, hapana! Nilifungua kinywa yakatoka machozi, na nyuma ya machozi yakatoka maneno. Nikasema, "Kumbe anamsikia hata kama mimi simsikii."

Hakusema amina. Hakunifafanulia. Alinyamaza, akina mama nao wakanyamaza pamoja nami, mmoja akaweka mkono mgongoni pangu. Baadaye akauliza tena, taratibu, "Ungepata nafasi ya kumwambia Mungu jambo moja sasa hivi, ungemwambia nini?"

Nikasema, "Nina hamu na mwanangu."

Akasema, "Umeshaomba."

Haleluya! Hapo ndipo kinywa changu kilipofunguka! Sala yenyewe ilikuwa fupi hivyo, na ilikuwa yangu. Njia nzima kurudi nyumbani niliirudia. Nina hamu na mwanangu, Bwana. Unamsikia. Nina hamu naye.

Kabla hatujatawanyika Mwalimu alituachia kazi. "Hadithi hii usikae nayo. Kamsimulie mtu, kisha umuulize swali, na ukishauliza, unyamaze umsikilize." Wengine walianza kuhesabu watoto wao na mashemeji zao. Mimi nilijua nakwenda kwa nani.

Nilimkuta Mama Hamisi uani anaanika mihogo. Nikapiga hodi. Aliponiona alisimama. "Karibu, Mama Stefano," akasema, kama mtu anayekaribisha mgeni kutoka mbali. Nikakaa, tukaulizana hali, "Alhamdulillahi," akasema, akarudi kwenye mihogo yake. Nikamwambia, "Leo darasani tumesimuliwa hadithi, nimeambiwa nimsimulie mtu. Ni ya Hajiri."

Akaacha mihogo. "Hajar? Mama yake Nabii Ismaili? Huyo mimi namjua tangu chuo cha Kurani, tungali watoto."

"Basi anza wewe," nikasema.

Akasimulia. Kwao Hajiri hakai. Anakimbia! Anapanda kilima hiki anatazama, haoni mtu, anashuka anapanda kile, anatazama, haoni mtu, anarudi. Alikuwa anasimulia huku mkono wake unaonyesha huku na huku. Nami nikamsimulia ninavyojua, kwamba aliketi mbali akalia.

Akaniangalia. "Kwenu aliketi?"

"Aliketi."

"Wewe umeketi," akasema. "Mimi nimekimbia."

Ndipo akanieleza. Ile safari yake ya Mtwara, ambayo sisi wote tuliambiwa amekwenda kumsalimia dada yake, alikwenda kumtafuta Hamisi. Alizunguka kwa watu waliovuka kurudi, stendi, sokoni, anataja jina la mwanawe kwa kila mtu. Nilisikiliza tu. Kisha nikauliza swali langu kama nilivyoulizwa. "Aliyelia ni mama. Unadhani Mungu alisikia sauti ya nani?"

Akaokota kipande cha muhogo, akakigeuza mkononi. Nilitamani kumsaidia kujibu, nikakumbuka nimeambiwa ninyamaze. Mwisho akasema, "Kama Mwenyezi Mungu anasikia watoto, basi wa kwako alimsikia. Mama Stefano, mwanao yu hai."

Ndugu zangu, niliona ua unazunguka!

Huko Mtwara alikutana na mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyemwacha Stefano mzima, katika mji mdogo ng'ambo, anafanya kazi ya kuziba pancha za baiskeli. Ila Hamisi hakuwa naye. Wametengana. Hamisi hajulikani alipo.

"Nilirudi na habari yako," akasema. "Nilifika mpaka hapo kwenye ua, nikageuka. Nikafika tena, nikageuka. Nilisema, nikimpa hii, mimi nitabaki na nini?"

Nilitaka kupiga vigelegele mpaka vifike barabarani. Nikaona uso wake. Sikupiga. Nilimshika mikono, ina unga wa mihogo, tukalia pamoja, mimi kwa furaha iliyoniumiza, yeye kwa lake. Sikumlaumu, na leo simlaumu. Nami ningegeuka.

Tukamtafuta yule mfanyabiashara, akakubali kubeba ujumbe. Nilimwambia, "Mwambie Stefano, mama hataki kitu. Anataka sauti." Ukapita mwezi. Tukavuna ufuta. Kila Alhamisi nilikwenda darasani, na hadithi ya siku hiyo nikaivusha ua kumpelekea Mama Hamisi, naye akaniuliza maswali ambayo hata Mwalimu Ester hakuwa nayo. Siku moja ilikuwa hadithi ya Adamu bustanini, na Mungu anayemwita, uko wapi? Mama Hamisi akasema, "Anajua alipo. Anauliza ili mwenyewe aseme." Nikalihifadhi hilo.

Alasiri moja tumekaa tunapepeta ufuta, simu ikaita. Namba ngeni. Nikapokea. Kimya, pumzi tu. Mama anaijua pumzi ya mwanawe! Nilikuwa nimeweka akiba ya maneno, ndugu zangu, ya miaka. Kwa nini hukupiga? Unajua nilivyokaa? Yote yalifika mdomoni. Nikayameza. Nikasema, "Mwanangu, uko wapi?"

Akalia. Kisha akaanza kusema, na mimi nikanyamaza. Akanisimulia siku ile watu walipokimbia kijiji, vumbi, makelele, yeye alikatia upande huu na Hamisi upande ule. Alivyorudi kumtafuta hakumkuta. Alivyougua, akauguzwa na watu asiowajua. Akasema, "Mama, niliogopa kupiga. Nikipiga, Mama Hamisi atauliza, na mimi sina jibu."

Kumbe ndicho kilichomfunga kinywa! Mama huku kafungwa, mtoto kule kafungwa.

Akasema amesikia tetesi kwamba kuna kijana wa Kilwa upande wa baharini huko huko, anafanya kazi kwa wavuvi, huenda ndiye, huenda siye. Halafu akaniuliza, "Mama, nirudi, au nimtafute?"

Mama Hamisi alikuwa ubavuni pangu, ungo mapajani, amesikia kila neno. Sikuweza kumtazama. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mwambie mwanao arudi."

Ndugu zangu, fikirini! Mwanamke asiyejua wa kwake analala wapi, ananiambia wa kwangu arudi! Na moyo wangu wote ulikuwa unapiga kelele, arudi, arudi leo, arudi sasa hivi. Nilikuwa namwona akipita mlangoni. Nikafumba macho. Nikasema, "Bwana, unawasikia wote wawili." Nikamwambia Stefano, "Mtafute mwenzio, baba. Usijitie hatarini, ulizia kwa watu wema. Halafu mje wote."

Mama Hamisi aliinama akafunika uso kwa kanga.

Hapo ndipo tulipo. Stefano anapiga, si kila wiki. Yule kijana wa kwanza hakuwa Hamisi. Sasa ameelekezwa kwingine. Mimi bado nasonga ugali mwingi, ila siku hizi hautupwi, nauvusha ua. Hamu haijaisha, nisiwadanganye. Kuna asubuhi inaniamsha kabla ya jogoo. Lakini sikai tena kama gogo. Namwambia Mungu, na Mungu ananisikia, na anawasikia wale wawili huko waliko.

Namshukuru Bwana Yesu aliyekuwa akiketi na watu akiwasimulia, akiwauliza, akiwangoja wajibu. Namshukuru kwa ajili ya Mwalimu Ester, ambaye sasa ananyonyesha, ndiyo maana hamumwoni hapa. Na ninyi walimu, wazazi, viongozi, nawaomba kama mama yenu: mkimwona mtu ameinama, msikimbilie kumjibu. Msimulieni. Muulizeni. Kisha mngojeni. Na wewe uliyeketi humu kinywa kimefungwa, umeitikia "tumeelewana" na hujaelewa, mtumaini Bwana. Yeye hadai kwako maneno mazuri. Mwambie hilo moja ulilo nalo, hata likiwa ni hamu tu.

Tuombeeni Hamisi. Mtajeni kwa jina.

Mama Hamisi amenisindikiza leo. Ameona haya kuingia, yuko pale nje kwenye benchi karibu na mlango, na simu yangu nimempa yeye aishike. Ikilia wakati tunaomba, ndugu zangu, msinune, msigeuze shingo. Mwacheni aipokee. Amina.