Mama Kwanini na Shokapu Iliyofunguliwa Mara Mbili

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, fundi mkuu wa karakana yetu ya pikipiki atavua ovaroli yake ya buluu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi katika maabara hii. Kwa muda wote huo amechelewa kazini mara moja tu, siku alipomkuta fundi wa lifti ghorofa ya chini akataka kujua kwa nini lifti haianguki.

Aliajiriwa kama mwosha pikipiki. Wakati huo maabara ilikuwa na pikipiki tatu za kukusanya sampuli za damu kutoka zahanati za mbali, na mwoshaji alitakiwa aoshe, akaushe, anyamaze. Mambo mawili ya kwanza aliyaweza. Aliwauliza mafundi maswali mengi mno hata wakaona heri wamfundishe kazi, wapate kupumua. Akasomea ufundi akiwa kazini, akapanda kutoka msaidizi hadi fundi, kisha fundi mkuu, cheo alichokishika kwa miaka kumi na nne. Leo karakana ina pikipiki ishirini na mbili, na sote tunamwita Mama Kwanini, hata mkurugenzi akijisahau. Mumewe, mwalimu mstaafu, anasema bomba la jikoni kwao linadondosha maji mwaka wa pili sasa, kwa sababu mkewe bado hajaridhika kwamba ameelewa linavuja vipi.

Jambo moja liliwashangaza wageni: hakuwahi kuendesha pikipiki. Hakuwa na maradhi wala hakukatazwa na mtu. Alikuwa mwoga, na alilisema hilo waziwazi bila kupepesa macho. Kwa hiyo kila alichojua kuhusu mwendo wa barabarani alikijua kwa kutuuliza sisi madereva.

Alikuwa na namna yake ya kuuliza. Ukirudi na malalamiko ya usukani, alikukabidhi mpini wa ufagio uushike kwa mikono miwili kama vile uko juu ya pikipiki. Yeye anaushika katikati. Unafumba macho, unauzungusha huku na huku, na unamwambia "kaza" au "legeza" mpaka uzito wa mikono yake ulingane na uzito wa pikipiki yako. Ukisema "hapohapo", anabaki ameganda hivyo kwa dakika nzima, mdomo wazi kidogo, akiusoma uzito ule kwa misuli. Kisha anaandika kwenye daftari lake lenye jalada jekundu. Wageni walioingia karakana bila taarifa walidhani tunagombania ufagio.

Miaka tisa iliyopita zilikuja pikipiki sita kubwa, zilizokwisha kutumika kwingine, kwa ajili ya zahanati za ng'ambo ya barabara kuu. Kila moja ilikuwa na shokapu ya usukani inayoongozwa kwa umeme. Kwa wasioijua, hiyo ni silinda ndogo yenye oili, iliyofungwa kati ya usukani na fremu. Usukani ukigeuka, oili inalazimika kupita kwenye kitundu. Kitundu kikibanwa, usukani unakuwa mzito, na hilo ni jema ukiwa kwenye kasi, maana hautetemeki. Kikiachiwa, unakuwa mwepesi, na hilo ni jema unapokata kona za uani kwa mwendo wa miguu. Katika pikipiki zile, kiboksi cha umeme kilisoma kasi kikaamua chenyewe lini kibane na lini kiachie.

Vile viboksi havikumaliza miezi saba. Vilikufa kimojakimoja, na kila kilipokufa kitundu kilibaki kimebanwa. Barabara kuu ilipitika bila shida, lakini kugeuza pikipiki kwenye ua wa zahanati ilikuwa kama kukoroga lami iliyoanza kuganda. Viboksi vipya havikuwa vikitengenezwa tena popote.

Aliyebanwa zaidi alikuwa mwandishi wa maneno haya. Nilikuwa nimevunjika kifundo cha mkono wa kushoto, tena si barabarani ambako ningepata sifa, bali bafuni kwangu. Mfupa uliunga, nguvu hazikurudi zote. Mkuu wa usafiri, ambaye ni mtu mwema na wa sheria, alisema dereva asiyeweza kugeuza usukani si dereva, na akaandaa fomu ya kunihamishia dirisha la mapokezi. Nina miaka kumi na mitano juu ya pikipiki. Siku moja tu ya mapokezi, ile ya majaribio, niliona saa ya ukutani imenuna kuliko mimi. Nilimwambia Mama Kwanini kwamba nikikaa pale nitaoza. Hakunipa pole. Aliniuliza kwa nini shokapu inahitaji kujua kasi.

Jibu alilipata mlangoni kwa mkurugenzi. Alikuwa ameitwa kuelezwa kwamba pikipiki zile sita zitauzwa. Akakubali, akaaga, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, kwa sababu ya kile chuma cha juu kinachouzuia usibamize. Akasimama. Akaufungua tena. Katibu muhtasi alihesabu mara kumi na tisa kisha akaacha kuhesabu. Ndani mkurugenzi alikuwa na wageni, na kila walipoinua macho waliona uso wa fundi ukitokea na kupotea. Mwishowe akatoa bisibisi mfukoni, akapanda juu ya kiti cha katibu bila kuomba, akazungusha skrubu iliyo ubavuni mwa chuma kile. Mlango ukabamizwa kwa kishindo, karatasi zikaruka. Akazungusha upande wa pili. Safari hii mlango ulijifunga polepole kiasi kwamba wageni waliacha mazungumzo wakawa wanausubiri.

Alirudi karakana mbio. Ndani ya chuma kile, alitueleza, kuna oili na kitundu vilevile, ila hakuna umeme: kuna skrubu na mkono wa mtu. Dereva anajua kasi yake kabla ya kiboksi chochote. Basi umeme utoke, mkono wa dereva uingie.

Ilimchukua wiki tano. Aliitoa ile valvu ya umeme, na mahali pake akaweka msumari wa shaba wenye ncha nyembamba, alioukereza mwenyewe, unaoingia kwenye kitundu kadiri unavyouzungusha. Akauvika oringi, pete ya mpira, ili oili isivuje, na gololi ndogo yenye springi ili kila robo ya mzunguko ilie "tik". Akaweka na kizuizi, msumari usifike mwisho, maana usukani ukigoma kabisa njiani hakuna atakayerudi kuhadithia. Kitufe cha kuzungushia alikitoa kwenye jiko bovu la gesi, michoro yake ya moto ikiwa bado inaonekana. Tangu hapo madereva wa maabara hii tunasema "moto mdogo" kwa usukani mwepesi wa uani na "moto mkubwa" kwa ule mzito wa barabara kuu. Dereva mgeni akisikia tunaulizana kama moto umeongezwa kabla ya kuingia barabarani, anaangalia tangi la mafuta.

Siku ya majaribio aliichagua pikipiki yangu. Hoja yake ilikuwa ya kifundi: mkono mgonjwa ukiridhika, mizima haitakuwa na la kusema. Nilizunguka ua mara tatu kwenye moto mdogo. Niliposhuka alikuwa pale na ufagio, na nyuma yake mkuu wa usafiri akiwa na fomu yangu mkononi, kalamu imeshatolewa kifuniko. Nikafumba macho. "Legeza," nikasema. "Legeza tena. Hapohapo." Akaandika neno moja kwenye daftari: *mwepesi*. Mkuu wa usafiri akaifunga kalamu yake. Watu wakapiga makofi, na Mama Kwanini akacheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Kwa kipimo hicho zilitengenezwa shokapu zote sita. Pikipiki hazikuuzwa, zahanati kumi na moja zikaendelea kupata majibu ya vipimo siku hiyohiyo, na karakana za idara nyingine zikaja kunakili. Cheti chake cha mfanyakazi bora kimetundikwa hapo ofisini, juu ya mlango ule ambao hadi leo unajifunga kwa madaha.

Wasifu huu ungeishia hapo kama si Jumanne ya wiki iliyopita.

Jumanne hiyo alikuja na kofia ngumu aliyoazima kwa mkwewe. Alisema amebakiwa na swali moja, na ni aibu kustaafu nalo: pikipiki ikoje? Woga wake ulikuwa palepale, akautangaza mwenyewe. Tukampa pikipiki yangu, moto mdogo, gia ya kwanza, mimi nikikimbia ubavuni. Ua wetu una urefu wa hatua themanini. Aliufikia mwisho wake, akageuza, akarudi, akageuza tena. Karakana nzima ilipiga kelele. Yeye alizima injini, akashuka, akautazama usukani kwa muda mrefu. Halafu akaingia stoo akatoka na ufagio.

Akanipa niushike. Akaubana katikati, na nikaujua uzito ule mara moja, kwa sababu ndio niliokuwa nao mkononi kila siku tangu wakati ule. Ulikuwa mzito karibu mara mbili ya ule niliomwonyesha mbele ya mkuu wa usafiri. Sikusema "legeza". Nilifungua macho nikamkuta ananitazama.

"Miaka tisa, mwanangu?" akasema.

Ndiyo, miaka tisa. Nilidanganya kwa hofu ya kalamu ile, kisha nikadanganya kwa sababu nilikuwa nimekwisha kudanganya. Kila alipouliza nilisema safi. Kila alasiri nilifunga kifundo kwa kitambaa nikamwambia ni cha kuzuia vumbi. Wenzangu wenye mikono mizima hawakuhisi kitu, naye hakuwa na njia ya kujua ila kupitia mdomo wangu. Naona aibu kuyaandika haya katika jarida litakalosomwa na mkuu wa usafiri, lakini afadhali ayasome hapa kuliko Mama Kwanini aondoke na jibu la uongo ndani ya daftari lake.

Hakunigombeza. Nilitarajia anigombeze, ingekuwa rahisi zaidi. Aliuliza tu maumivu yanaanzia wapi, saa ngapi, na kwa kona ya kulia au ya kushoto. Kisha akaifungua shokapu, akakipanua kitundu kwa nusu milimita, akachonga ncha ya msumari ilingane nacho, akajaza oili na kufunga. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wengine tulikuwa tunapanga keki na viti vya sherehe yake, yeye alikuwa na oili mpaka kwenye viwiko.

Daftari jekundu ameliacha juu ya meza ya karakana kwa atakayemrithi. Nimelifungua. Kwenye ukurasa wangu neno *mwepesi* limekatwa kwa mstari mmoja, na chini yake ameandika: *Aulizwe tena.*

Mama, kwa niaba ya madereva, mafundi, katibu uliyemkanyagia kiti na zahanati zote kumi na moja, ahsante. Upumzike vizuri, mzee wako apate bomba lisilovuja, na pikipiki utakayoinunua, maana tumesikia umeulizia bei, ikufikishe unakotaka na kukurudisha salama. Mimi nimezunguka na ile ya kwangu wiki nzima, zahanati zote, kona zote, bila kitambaa. Umeuliza usukani ukoje. Ni mwepesi, Mama. Safari hii ni kweli.