Salamu Kutoka Hemani: Bi Kipaza Anastaafu

Baada ya kuitumikia idara yetu ya afya kwa miaka thelathini na mmoja, Bi Kipaza anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kumwandikia wasifu. Wasomi wetu wakajaribu, na walichoandika kikafanana na maelezo ya dawa ya minyoo. Ndipo wakanijia mimi, dereva wa gari la matangazo, na hawakukosea mlango. Shule hatukuelewana sana, tukaachana mapema kwa amani. Lakini nimeendesha malori hadi mipakani, nimebishana na watu wa forodha kwa lugha nne na zote nikashinda, kwa hiyo kuongea nakujua. Sijaona mtu aongeaye kama mama huyu.

Alianza kazi mapokezi, akiita wagonjwa kupitia kidirisha. Siku moja alimwita mgonjwa mmoja aingie kwa daktari, na abiria waliokuwa kituoni ng'ambo ya barabara wakasimama pia. Daktari mkuu wa wakati ule akaona sauti hiyo inaharibikia dirishani, akamhamishia elimu ya afya. Tangu hapo ametangaza chanjo, vyoo, sabuni na vyandarua. Vijana walipotundika vyandarua kwenye magoli ya mpira, aliwatangazia uwanja mzima kwamba mbu hachezi namba tisa, wavirudishe vitandani. Vikarudi, kimoja kikiwa na tope la kona.

Alikuwa na tabia moja iliyonitesa mwanzoni. Tukifika mtaani, hatangazi. Anashuka, anaketi saluni au dukani, anauliza, "Jamani, mmesikia nini?" Kisha anakaa kimya, anasikiliza. Mimi nje jua linanichoma. Nikamwambia, "Mama, tumekuja kutangaza au kukusanya umbea?" Akanijibu, "Umbea umefika kabla yetu, baba. Lazima nijue umesema nini ndipo nijue pa kuanzia. Zima injini." Nikazima. Nimezima injini hiyo kwa miaka mingi.

Kilipoingia kipindupindu, tuliletewa tangazo la kurasa nne lenye maneno ambayo hata aliyeyaandika angehitaji kunywa maji katikati. Bi Kipaza akalipunguza likatosha kwenye pumzi moja: chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, anayeharisha mpe dawa ya kuongeza maji mwilini kidogo kidogo, na mlete hemani upesi. Hema la wagonjwa lilikuwa kwenye uwanja wa mpira, limezungushiwa uzio wenye turubai jeusi. Tukatangaza mpaka betri ikaomba radhi. Watu wakachemsha maji, wakanawa. Lakini hemani hawakuja. Wagonjwa wakafungiwa majumbani.

Bi Kipaza akaenda saluni kuuliza. Msusi akamwambia bila kuacha kusuka, "Shoga, ukiingia mle hutoki. Unadungwa sindano, kwisha habari yako. Kama si hivyo, turubai la nini?" Kumbe sisi tulifunika kwa heshima ya wagonjwa, watu wakaona tunaficha maiti.

Kutoka hapo akaniambia nimpeleke mtaa wa juu, kwa dada yake mkubwa. Binti wa huyo dada alikuwa anatapika na kuharisha tangu asubuhi. Mlango ulifungwa kwa ndani. Dada mtu akafungua dirisha kiasi cha kutoa pua, akasema, "Nenda ukawatangazie wenzako huko. Mwanangu humchukui."

"Dada, mtoto anakauka."

"Nimesema humchukui. Kwanza umeingia mle ndani mwenyewe, ukaona watu wanatoka?"

Bi Kipaza akapitisha pakiti za dawa dirishani, akamweleza namna ya kuchanganya, na kwamba asiache kumnywesha hata akitapika. Kisha akarudi garini, akafunga mlango taratibu. Mji mzima ulikuwa unamwamini kuhusu maji na sabuni, na mlango wa ndugu yake wa tumbo moja ulikuwa umemshinda. Akaniambia nigeuze gari.

Tukaenda hemani. Akasimama mlangoni akawauliza waliokwisha pata nafuu, "Nani ana salamu za nyumbani? Nitazipeleka." Akawaambia majina hayatatajwa, majirani wasije wakanyoosheana vidole. Itatajwa kazi tu. Daktari mkuu akakataa, akasema hili ni hema la matibabu, si kipindi cha salamu redioni. Bi Kipaza akamjibu kwa adabu zote, "Daktari, wewe hata ukisema kweli unaonekana umetumwa. Muuza mkaa akiulizia kuku wake, nani atambishia?" Daktari akakuna kichwa, akakubali.

Basi tukaingia mitaani. Muuza mkaa anamsalimu mama yake, anauliza kama kuku wamekula. Mwalimu wa hesabu anawasalimu wanafunzi wake, na mtihani uko palepale. Fundi saa anamsalimu mkewe kipenzi, anaomba aletewe shuka la bluu. Watu wakatoka vibarazani. Wengine wakacheka, ila wapo waliosema, "Hizo wametunga wenyewe."

Hapo ndipo ilipotokea hitilafu ambayo hakuna mtaalamu angeipanga. Kabla jua halijapinda sana, tukiwa tumerudi hemani, wanawake wawili wakafika langoni, kila mmoja na shuka la bluu mkononi. Wakatazamana.

"Samahani dada, wewe unamletea nani?"

"Mume wangu, fundi saa. Na wewe?"

Sitaandika jibu, hili ni jarida la idara. Kelele zilipanda, watu wakajaa. Wote wawili wakataka kumwona huyo bwana sasa hivi, kwa macho yao. Bi Kipaza akaamuru turubai la upande ule lishushwe. Likashuka, na umati wote, ukiwa umesimama mbali nyuma ya uzio, ukaona ndani: vitanda, ndoo, wauguzi, muuza mkaa anapunga mkono, na fundi saa anavuta shuka la hospitali kufunika uso. Muuguzi anasema yule ndiye mgonjwa pekee aliyeomba asiruhusiwe kutoka.

Habari ile ilikimbia kuliko gari langu, na mimi siyo mtu wa kwenda polepole. Ilifika mtaa wa juu kabla yetu. Tulipokata kona, mlango wa dada yake ulikuwa wazi, naye amesimama kizingitini amembeba binti mkubwa mgongoni kama mtoto mchanga. "Kama fundi saa ana nguvu za kugombaniwa," akasema, "basi twendeni. Mbona mnanitazama? Twendeni!" Niliendesha siku ile kama nimebeba mayai ya mfalme. Hakuna shimo nililoligusa, na barabara ile mnaijua.

Kesho yake binti alikuwa ameketi, amewekewa dripu, akatuma salamu. Bi Kipaza akasimamisha gari mbele ya nyumba ya dada yake, akawasha kipaza, akafungua kinywa. Sauti iliyowasimamisha abiria ikagoma. Akanipa karatasi. Nikasoma mimi, tena nilisoma vizuri sana, waliokuwepo watakiri: "Mama, nimekunywa, nimelala, sasa nina njaa. Mwambie mama mdogo aache kulia, watu wanamtazama."

Na kweli tulikuwa tunamtazama. Jioni ile watu walikuja hemani wenyewe, bila kufuatwa. Tangu hapo, kila ukitokea mlipuko, idara yetu hupeleka salamu kwanza, na uzio wetu huachwa wazi upande mmoja, watu waone ndani.

Bi Kipaza, tunakushukuru. Wapo watu wanaotembea mji huu leo ambao hawajui kwamba ni wewe uliyewafikisha kitandani kwa wakati. Tumesikia unahamia mtaa wa juu, jirani na dada yako. Mizigo nitakubebea mwenyewe, bure, na kwa uangalifu uleule. Nenda ukapumzike vizuri, mama. Afya iwe nawe, usingizi wa mchana usikukatikie, na milango yote ikufungukie kabla hujabisha hodi.