Kikombe cha Mama Obonyo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, nje ya kinyozi cha Kebaso, pale barabara ya Kimulot inapopinda kuacha geti la shamba la majani chai. Nyuma yake kuna kambi ya wafanyakazi. Mbele kuna majani chai, kijani mpaka macho yanachoka. Juu kuna wingu ambalo kila alasiri huripoti kazini bila kukosa, tofauti na vijana wengi wa pale. Miaka yote kijiwe hiki kimekunywa chai. Leo kinakunywa kahawa ya pakiti, iliyokorogwa na Kebaso kwenye birika la maji ya kunyolea, na ladha yake ni ya spiriti na nywele za watu. Ukiona watu wa tea country wamekaa wanakunywa kahawa, jua kuna mtu amekufa. Aliyekufa ni Mama Obonyo, yule aliyekuwa akileta themosi hapa kila asubuhi kabla hajaingia shambani kuchuma.

Calvince, mjukuu wake, aliketi mwisho wa benchi, mahali ubao unabonyea. Kijiwe kilimpachika jina Digrii siku aliyorudi na gauni la graduation kwenye mfuko wa plastiki, na hajawahi kupata kazi ambayo ingempa jina lingine. Economics, second upper. Kazi za karani ameomba, za kuhesabu ng'ombe ameomba, hata za kuombea wengine kazi.

Kesho asubuhi gari la maiti lingetoka mochari, lisimame hapa kwenye kona watu waage, halafu literemke Sondu kuelekea Nyakach, Dani, kama alivyomwita nyanya yake, akazikwe kwenye boma la mumewe. Boma lile Calvince analijua kwa matanga tu. Baada ya hapo angerudi kambini peke yake. Na hapa hapa barabarani ndipo alipotakiwa kuongea kwa niaba ya familia. Ma-uncle walikata kesi kwa simu: wewe ndiye umesoma. Tangu juzi alikuwa akitafuta kitu kimoja tu cha kusema juu ya Dani, kitu ambacho kisingemtosha marehemu mwingine yeyote. "Alikuwa mchapakazi" hakikuwa kitu. Nchi hii hata wezi wa ng'ombe huzikwa wakiwa wachapakazi.

Ndiyo maana akawauliza wazee wa benchi. Makosa yake.

Wa kwanza kujibu alikuwa Supervisor, ambaye kwa kitambulisho anaitwa Omollo. Alikuwa nyapara shambani mpaka mashini za kuchuma zilipoletwa zikamfanya mzee ghafla.

— Sema mikono, alisema. Yule mama, mkono ya kulia na ya kushoto zilikuwa hazisalimiani. Kila moja na kichaka yake. Wenzake wanalaza fito juu ya majani ndio waone ya kuchuma ni gani, yeye fito alibeba tu kwa heshima.

— Mikono nimesikia, alisema Calvince. Kila mtu ananiambia mikono.

— Basi rudia. Wahenga walisema, haba na haba ni kurudia.

Kebaso, anayeitwa Wembe kwa sababu ya kazi na ya mdomo pia, alikuwa na utafiti wake. Yeye hufungua kinyozi kabla ukungu haujatoka barabarani, na hakuna siku aliyofika kabla ya themosi. Akifunga jioni, anaona taa ya Mama Obonyo ndiyo kwanza inawashwa, unga wa mandazi unakandwa. Kwa hivyo hakuwa analala. Kuna viumbe wanalala wamesimama, alieleza, kama punda, na kuna wengine wanalala mkono mmoja mmoja kwa zamu.

— Mkono mmoja inalala aje? aliuliza Calvince.

— Kulia ikichuma, kushoto imelala. Si Supervisor amesema hazisalimiani?

— Hiyo ni science, alisema Supervisor, akifurahi kwamba amenukuliwa.

Kimutai aliwaacha wamalize. Yeye ni Diaspora, kwa sababu aliwahi kwenda Qatar, akarudi kabla hata wanakijiji hawajamaliza kumsifu. Alishusha kikombe chake chini taratibu, kama mtu anayetaka kutoa siri ya serikali.

— Nyinyi shida yenu hamjasafiri. Walikuwa wawili.

Hakuna aliyecheka. Diaspora hafanyi mzaha, na hilo ndilo tatizo.

— Pacha, aliendelea. Mmoja anachuma, mmoja anakaanga mandazi. Mimi nilimwacha Roret sokoni akinunua unga, na macho yangu haya. Nikapanda pikipiki direct mpaka hapa. Nikampata anamwagia Wembe chai. Hana jasho. Leso tofauti.

— Labda alipata lifti, alisema Wembe.

— Lifti ya nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Na huyo pacha mwingine saa hii ako wapi? aliuliza Supervisor.

— Hiyo ndio swali, alisema Diaspora, akimwangalia Calvince kwa huruma ya kweli. Kesho kabla wafunge jeneza, waambie wahakikishe ni yupi.

Calvince alimwaga chini kahawa iliyobaki kikombeni.

— Nyinyi wote mnaongea juu ya trekta, alisema. Trekta yenye leso. Inachuma pande mbili, haizimwi, ikiharibika kuna nyingine. Mimi sikuwa na trekta, wazee. Nilikuwa na nyanya.

Upepo ulipita juu ya majani chai, ukayalaza, ukayaachilia. Wembe alianza kufuta kiti cha kunyolea ambacho hakikuwa na uchafu. Supervisor ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa sauti ya nyapara.

— Sawa, nyathina, mtoto wangu. Sisi tulimwona hapa barabarani. Wewe umelala kwa nyumba yake tangu babako Obonyo tumzike. Tuambie basi. Alikuwa nani?

Calvince alifungua mdomo. Kilichokuja kwanza kilikuwa pasi ya makaa ikipita juu ya shati lake la shule. Kilichofuata kilikuwa kuni mgongoni, halafu Dani amesimama nje ya ofisi ya headteacher na kuku amefungwa miguu, akiomba kijana wake asirudishwe nyumbani. Halafu kuni tena. Akaona kwamba na yeye alikuwa anaunda trekta, ya kwake tu imepakwa rangi nzuri zaidi. Akainama, akaanza kukwangua matope kwenye viatu.

Hapo ndipo Nelvine alipotokea upande wa kambi, aproni imelowa, amekumbatia themosi nyekundu iliyochubuka. Nelvine alihamia juzi tu mlango wa pili kutoka kwa Dani, hata kijiwe hakijapata nafasi ya kumpa jina. Wamama walimpa kazi ya chai ya waombolezaji kwa sababu yeye ndiye alikuwa na sufuria kubwa. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akawapa pole, kisha akasimama mbele ya Calvince.

— Pole sana, Calvi. Nimepata themosi yake nyuma ya mlango. Unajua mamangu, kukiwa na matanga, alikuwa anamwaga kikombe ya mwenye nyumba kwanza, anaiweka kwa meza, ndio watu wengine wakunywe. Nikaona nimfanyie hivyo Mama Obonyo. Sasa nilikuwa nauliza, yeye alikuwa anakunywa chai aje?

Wembe aliacha kufuta kiti.

— Aje aje? aliuliza Wembe.

— Na sukari ama bila? Ya maziwa ama alikuwa mtu wa strungi?

— Sukari, alisema Supervisor. Mbili.

— Ulikuwa unamwona akiweka?

Supervisor alifikiria.

— Yangu ndio alikuwa anaweka mbili.

— Mimi moja, na tangawizi, alisema Wembe. Hata sikuwa naitisha. Alikuwa tu anajua.

— Mimi maziwa inanisumbua tumbo, alisema Diaspora. Alikuwa ananibebea strungi kando, kwa chupa ndogo. Hakuna mahali nimewahi ona…

Pacha wote wawili, na hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja wao akinywa.

Nelvine akamgeukia Calvince. Hakuwa na ubaya wowote, ni maji tu yaliyokuwa yanachemka kule kambini. Calvince akatafuta. Kila asubuhi alikuwa akikuta chai yake mezani imefunikwa na kisahani, vikombe vingine vimeinamishwa kwenye trei, vikavu, na Dani ameshaondoka. Krismasi Dani alikuwa anamimina. Kanisani, harambee ya paa, alikuwa anamimina. Aliyapekua maisha yote yale kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku anajua mfuko umetoboka.

— Alikuwa anashika kikombe, alisema mwishowe.

Wote walimwangalia.

— Jioni, akitoka shamba. Vidole zilikuwa zinakaa hivi.

Akaikunja mikono yake, kama iliyoshikilia bado kichipukizi.

— Baridi na umande. Zilikuwa zinakataa kunyooka. Anamwaga chai, anashika kikombe kwa mikono yote mbili, ananyamaza hapo mlangoni, mpaka zifunguke. Mimi nikiwa mdogo nilidhani anaipoza.

— Halafu?

— Halafu ananipatia.

Wembe aliinua birika ili afanye kitu, akalikuta tupu. Hakuna aliyeulizia kahawa nyingine. Mbali, upande wa msitu, mvua ilikuwa imeanza kutembea juu ya majani chai, na sauti yake ilisikika ikija.

— Weka ikiwa moto, Calvince alimwambia Nelvine.

— Moto, sawa. Na sukari?

Mvua ilifika kwenye mabati kabla ya jibu.