Mzigo Mmoja, Kilo Themanini na Nne

Wasikilizaji wapendwa wa Dubai, mlio jikoni Mirdif na mlio madukani Deira, hamjambo. Leo tunamkumbuka mtu aliyetumia miaka minne kuchagua njia ya kutembea siku moja. Miaka minne, wasikilizaji. Kwa siku moja.

Jina lake Yaqoub bin Humoud. Alifariki Jumanne iliyopita, baada ya sala ya alfajiri, nyumbani kwake Al Rigga, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Hakuugua, hakumsumbua mtu. Alizikwa siku hiyohiyo.

Mzee Yaqoub alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai na wazazi wake angali mdogo. Kwa miaka thelathini na mitatu alifanya kazi kwa wakala mmoja wa mizigo pale Deira, na kazi yake ilikuwa kuchagua njia. Friji inakwenda Mombasa, kitanda kinakwenda Tanga, magodoro sita yanakwenda Kigoma: yeye ndiye aliyeamua yapite wapi na yashushwe wapi. Wafanyabiashara walikuwa na neno lao juu yake. Mzigo wa Yaqoub haupotei.

Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu. Siku moja kwenye milima ya Hatta, kwa miguu, asubuhi mpaka alasiri, peke yake.

"Miaka arubaini ya ndoa," anasema mkewe, Bi Ghania, "kila siku namuuliza: umekula? Umelala? Funguo ziko wapi? Akanambia, Mama Hind, nataka siku moja nisiulizwe kitu. Nikamuuliza, kwa nini?"

Si kwamba mzee hakuwapenda watu wake. Aliwapenda mno, na shida ilianzia hapohapo. Kwao mtu haondoki safari bila kuaga. Unaaga, mnaombana radhi, ndipo unavaa viatu. Basi mwaka wa kwanza akachagua njia ya bondeni, akamuaga mkewe. Bi Ghania akamwambia binti yao, Hind, anayekaa Mirdif. Hind akamwambia mumewe, Zayd. Zayd akawaambia ndugu zake. Siku ilipofika, magari manne. Mikeka, majiko ya gesi, na sufuria ya biriani ya kubebwa na watu wawili. Mzee hakuvuka hata maegesho. Alishinda pale akikata kachumbari.

Mwaka wa pili akachagua njia ngumu zaidi. Wakaja na magari matano, maana walisikia ina mandhari. Mwaka wa tatu akachagua njia isiyo na kivuli. Wakaja na mahema.

Mwaka wa nne daktari akamwambia goti lake la kulia litapasuliwa mwezi wa tatu. Baada ya hapo milima basi, khalas. Wakati huo ulikuwa Desemba. Ama aende majira yale ya baridi, ama asiende tena maishani mwake.

Akashuka chini kwa Cyrus. Cyrus ni mlinzi wa jengo lao, mtu wa Nyandarua, Kenya, aliyekulia vilimani na bado anavitamani. Pale kwenye meza yake ya mapokezi mzee akatandaza ramani yenye njia tatu. Nyekundu: kilomita sita, imesimama kama ngazi. Kijani: kilomita kumi na mbili, bondeni, tambarare. Buluu: kilomita kumi na saba, inapanda mgongo wa mlima, inazunguka, inarudi palepale ilipoanzia.

"Nilimwambia, mzee, achana na kilomita," Cyrus ametueleza. "Mlima unahesabu masaa. Nyekundu ni fupi, lakini kushuka kutamaliza hilo goti. Kijani iko sawa, lakini mawingu yakikuja, hilo bonde ni mto. Buluu ni ndefu, lakini mteremko wake ni wa polepole. Goti litaiweza. Beba maji lita tano. Na saa sita ikikupata hujafika juu, unageuka. Hata kama kilele unakiona hapo, mzee, unageuka."

Mzee alisikiliza hotuba yote kwa adabu. Kisha akauliza swali lake moja: "Ipi haikutani na barabara?"

Ilikuwa buluu. Buluu haikugusana na barabara popote, isipokuwa mwanzoni. Ikawa buluu.

Sasa hapa mzee akafanya jambo ambalo ni mtu wa mizigo tu angelifanya. Alitoa hati ya mzigo ya enzi zake, akaijaza kwa mwandiko wa ofisini. Aina ya mzigo: mtu mmoja. Uzito: kilo themanini na nne. Hali: mkuukuu, goti la kulia bovu, usipangiwe kitu juu yake. Njia: buluu, Hatta. Kuondoka: saa moja asubuhi. Kufika: saa tisa alasiri. Mpokeaji: mwenyewe.

Cyrus akaikataa. "Aki mzee, mzigo haujipokei. Lazima mtu wa nyumbani ajue uko wapi. Ukianguka huko, na ni mimi tu najua, nitamwambia nini madam?"

Mzee akaona kweli. Miaka thelathini na mitatu hakuwahi kutuma mzigo usio na mpokeaji. Akafuta, akaandika: Ghania. Lakini akimpa mkononi ni magari sita. Ndipo akapata hila. Bi Ghania hupima mchele saa nne kamili, kila siku ya Mungu. Mzee ataiweka hati ndani ya pipa la mchele. Ikifika saa nne, atakuwa ameaga kihalali kabisa, na atakuwa mbali.

"Nikamuuliza, sasa hiyo ni kuaga?" anasema Cyrus. "Akasema ni kuaga kwa kuchelewa."

Jumamosi ile alitoka kimyakimya, viatu mkononi. Saa moja kamili akaanza kupanda. Na saa moja na nusu, wasikilizaji, Bi Ghania akafungua pipa la mchele. Hind alikuwa na wageni mchana, biriani ilitakiwa mapema. Miaka yote ya ndoa ni saa nne, na siku ile saa moja na nusu.

"Nilisoma mpaka 'hali: mkuukuu', nikakaa chini," anasema Bi Ghania. "Nikampigia Hind. Nikamwambia, babako kajisafirisha."

Saa nne kila mtu alikuwa Hatta. Hata wale wageni wa Hind walikuja, kwa sababu biriani ilikuja. Walilikuta gari la mzee, na mbele yake njia inayopotelea kwenye mawe. Zayd alipanda dakika ishirini, akarudi kutafuta maji. Simu ya mzee haikupatikana. Ilipofika saa saba Zayd akasema sasa tuwaite waokoaji. Bi Ghania alikuwa ameketi mkekani, hati mapajani. Akasema, "Kaandika saa tisa. Mzigo wa Yaqoub haupotei. Tungoje." Ila Hind anasema mamake aliisoma ile hati tena na tena.

Na mzee je? Alimsimulia Cyrus yote. Saa ya kwanza alifurahia kile kimya. Saa ya pili akaanza kujiuliza mwenyewe: umekula? Umekunywa maji? Funguo ziko wapi? Na funguo kweli hakuziona, mpaka alipopekua mkoba mara tatu. Saa sita kasoro dakika kumi akafika juu. Akaiona milima, mmoja nyuma ya mwingine, akasema kwa sauti, "Umeona, Mama Hind?" Alitahayari mwenyewe, akala mkate wake.

Kushuka kulimtesa. Soli ya kiatu kimoja iliachia, na sehemu fulani aliteremka kwa makalio. Kwenye kona ya mwisho akaona chini, mbali, mkeka mwekundu. Akaona sufuria. Akaona mtu mmoja mwenye buibui, ameketi kando ya wengine, ameukodolea macho mlima, tena upande usio wenyewe.

Mzee akakaa juu ya jiwe. Kwa dakika kumi nzima alimtazama mkewe anavyomngoja.

"Aliniambia, Cyrus, hizo dakika kumi ndizo nilizofuata kule," anasema Cyrus. "Nikamwambia, mzee, kwa hizo hukuhitaji kilomita kumi na saba. Akanijibu, nyumbani ningezionea wapi?"

Alifika saa tisa kasoro dakika tano. Bi Ghania alimkagua kuanzia soli hadi kofia, akampakulia biriani. Mzee akaiona hati. "Mzigo umefika kabla ya saa," akasema. "Tia sahihi."

"Sitii," akajibu Bi Ghania. "Umetoka bila idhini yangu, na umefika na kasoro."

Hati ikabandikwa kwenye friji, haina sahihi. Goti likapasuliwa, na mzee hakupanda tena mlima. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi wakinywa chai, aliigonga kwa kidole: "Bi Ghania, mzigo bado uko bandarini." Naye akajibu, "Ukae hukohuko." Wakacheka.

Jumanne iliyopita mzee Yaqoub aliondoka bila kuaga. Bi Ghania anasema alikwenda akalifungua pipa la mchele. "Nilijua hakuna kitu. Nilifungua tu."

Siku ya tatu ya msiba, watu walipopungua, aliibandua hati kwenye friji, akaomba kalamu. Akatia sahihi penye jina la mpokeaji. Chini, penye maelezo, akaandika: Umefika mzima.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Bi Ghania, Hind na Zayd. Tunampa pole na Cyrus, ambaye anasema ramani bado iko kwenye droo ya meza yake. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee Yaqoub, na amsahilishie njia hii aliyokwenda peke yake. Nasi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwangu ni nani anayengoja sahihi yangu, nami namwambia bado, kwa utani? Basi nenda ukaitie sasa hivi, redio hii ikiwa imewashwa, naye yuko hapo jikoni anakusikia.