Nafasi ya Tarumbeta

Mkabala na ukumbi wa parokia, hapo Karuba, pana benchi la mbao ambalo miguu yake mitatu ni ya mti na wa nne ni jiwe. Hapo ndipo Mama Blandine huuza kahawa ya tangawizi ukungu ukiwa bado haujapanda mlima, na hapo ndipo wanaume watatu huiamulia dunia: Mumbere mwenye duka, aitwaye Kilo Kamili, Valentin, aitwaye Ministre ingawa hajawahi kuongoza hata nyumba kumi, na mzee Munyakazi, aitwaye Antene, kwa kuwa habari humfikia kabla haijatokea.

Asubuhi hiyo walibishana juu ya ukumbi. Jumapili vijana wangeicheza kwa miguu santuri nzima ya jazi ya zamani, upande wa kwanza hadi wa pili, kila chombo na mchezaji wake wa kukifuata kwa mwili. Muhindo alikuwa ngoma, Niyigena alikuwa piano, na tarumbeta alikuwa Rukundo, mwana wa Blandine, aliyebuni jambo lote. Rukundo alishuka Shasha kutafuta bafle kubwa la muziki, hakurudi. Barabarani iliokotwa bote yake moja ya mpira, ya mguu wa kushoto. Blandine aliiweka chini ya kitanda. Tangu hapo wenzake walicheza wakiizunguka nafasi yake tupu. Ukoo ulikuwa umekata shauri: kwenye mazoezi ya leo Fifi, binti wa mdogo wake Blandine, aingie nafasi hiyo, na kwa kuingia kwake matanga yafungwe. Blandine hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

Lakini jana, baada ya mazoezi, chokaa iliyomwagika sakafuni ilionyesha nyayo zilizozunguka mahali pale pale patupu: mguu mmoja peku, mmoja wa bote. Wachezaji wote hucheza peku.

— Iko mwizi, Kilo Kamili alisema. Alikuja kuangalia bafle lile dogo.

— Mwizi gani anaiba akizungukazunguka? Ministre akauliza. Ile iko panya.

— Panya na bote?

— Haba na haba hujaza kibaba, kaka. Panya nayo inakomala, inakuwa muntu.

Wakacheka, isipokuwa Antene. Yeye alieleza kwa sauti ya chini kwamba mpiga tarumbeta wa santuri ile alikufa zamani huko ng'ambo, na marehemu ambaye wimbo wake haukuchezwa mpaka mwisho huzunguka akitafuta ukumbi. Sasa ameupata. Kilo Kamili akamwambia mfu hana haja ya bote. Antene akajibu kwamba matope ya Masisi hayachagui.

— Muache tu huyo mufu, Ministre akasema, akinyoosha kikombe. Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Mkono wa Blandine ukasimama, birika likiwa limeinama.

Théoneste, mpita njia aliyekuwa akishusha jibini kwa chukudu, baiskeli yake ya mbao, kwenda Sake, alikuwa amesimama kunywa na kusikiliza. Akarudisha kikombe.

— Papa, ile bote ya kwenye chokaa iko ya kushoto ao ya kuume?

Wote watatu walikuwa wameingia kuziona nyayo, hakuna aliyeangalia. Blandine alielewa kabla yao. Kama ni ya kuume, ile aliyobaki nayo mguuni, mwanawe alifika pale kwa miguu yake, akiwa hai. Kama ni ya kushoto, ile iliyoko chini ya kitanda chake, hakutaka kuimaliza hesabu hiyo.

— Kahawa imeisha, akasema, akavuka njia.

Ukumbini muziki ulikuwa umeshaanza. Miguu ya vijana ilikuwa imevuruga chokaa yote. Fifi alisimama ukingoni mwa nafasi tupu, akimtazama.

— Mama mukubwa, niingie?

Blandine akainua mkono.

— Ngoja kwanza.

Tarumbeta ya santuri ikaingia. Wachezaji wote, pasipo kuambiwa, wakasogea nyuma kama watu wanaompisha mtu. Na Fifi akakunja vidole vya miguu yake, kama anayeogopa kukanyagwa na bote.