Jedwali Lililomkataa Mtoto

Nje ya geti la hospitali, kwenye benchi la kahawa, Kibodi alikuwa amepakata laptopu kama anayembembeleza mgonjwa. Ndiye aliyetengeneza ukurasa mpya wa kusajili wagonjwa. Ukurasa ulisoma vizuri tu majedwali ya zamani, yale yanayotunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kuyaandikia ndiko kulikomshinda. Mganga mkuu alishasema: mgonjwa wa kwanza asipoingia leo, wanarudia mfumo wa zamani, na Kibodi atafute kazi kwingine. Tena mgonjwa mwenyewe ni mpwa wake, kichanga alichojifungua dada yake asubuhi hiyo hiyo.

— Naogopa, jamani. Kila nikibonyeza, jedwali linakataa.

— Limejaa hilo, alisema Mama Kahawa akimimina. Miaka yote watu wanaingia tu, umesikia nani katoka?

— Halijajaa, mama.

— Umelipima?

Fundi Redio, mtu ambaye hajawahi kukiri kushindwa na kitu, alisogeza kofia nyuma.

— Tatizo ni umeme. Kipya kinasukuma kwa nguvu, kizee kifua hakina. Ulizima ukawasha?

— Nimefanya hivyo tangu juzi, fundi.

— Ulizima kwa upole?

Kinyozi wa jirani, taulo begani, aliwahurumia wote.

— Nyie hamjui kitu. Mzee aliyelitengeneza jedwali hilo alistaafu hata soda hawakumnunulia. Kaondoka na kinyongo. Jedwali linajua!

— Basi tumpelekee soda, alisema Mama Kahawa.

— Soda haitoshi sasa. Aje mwenyewe, aombwe radhi mbele ya kompyuta, kisha amruhusu mtoto kwa sauti.

Kibodi, msomi mzima, alijikuta anatafuta namba ya yule mzee kwenye simu.

Hapo akatokea shemeji yake, baba wa mtoto, anahema kutoka wodini.

— Shemeji, mwanangu kashaingia?

— Bado. Jedwali linakataa.

— Linakataa likisema nini?

Fundi Redio akachungulia kikombe chake. Kibodi alisikia masikio yakimwaka kwa aibu. Hilo kosa lenyewe hakuwahi kulisoma. Mganga mkuu alikuwa akishtuka akiona maandishi mekundu, basi Kibodi, kwa kumjali, akaufundisha ukurasa ufiche kila kosa na useme tu kwa adabu: “Samahani, jaribu tena baadaye.” Na yeye akawa anajaribu tena baadaye.

Akaiondoa ile adabu, akabonyeza. Wekundu ukajaa kwenye kioo. Akasoma kwa sauti:

— “Namba ya faksi ya mgonjwa haiwezi kuachwa tupu.”

— Faksi? Fundi Redio aliruka. Ninayo moja dukani!

Shemeji alikaa taratibu kwenye benchi.

— Mwanangu hata jina hajapata. Faksi ataitoa wapi?

Kibodi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaandika sifuri mahali pa faksi, akabonyeza, na mpwa wake akaingia bila kusukumwa.