Tulimumwangia Lutuku

Bandugu ba kanisa, musiniombee kwanza. Musikilize. Sikusoma mingi, nitasema tu vile ilipita.

Ndugu yangu Kasongo alikuwa anauzisha samaki ku kambi ya baloba, bale bavuvi, kule ku muto Lualaba. Kolera, ule ugonjwa wa kuhara, ikaingia mule, ikamushika. Yaya Ilunga, mukubwa wetu, akasema twende tumutoshe: akifia kule, batamufunga mu plastiki, batamuzika bila kilio, sawa mwizi. Tukaenda, tukamupandisha mu kamio, lori ya kubeba bantu na mizigo.

Mbele ya kuingia Lubumbashi kulikuwa barrière, kamba katikati ya njia, na infirmière, mama wa lopitali, anaangalia kila muntu kama iko na kolera. Ilunga akatosha chupa ya lutuku, ile pombe kali ya mahindi. "Mumumwangie ku nguo. Mulevi, hakuna mwenye anamuuliza." Nani alimwanga? Ni mi.

Infirmière akafika. "Na huyu baba?"

"Iko mulevi, mama. Tangu asubui anaimba."

Kasongo akafungua macho. "Maji. Munipe maji."

"Mulevi anaomba maji?"

"Anataka kuchanganya," dereva akasema.

Kamio yote ikacheka. Infirmière naye akacheka, akainua kamba. Nawaambia, mi pia nilicheka.

Kesho yake Kasongo akafia mu nyumba yangu, hapa Naviundu. Tukamulilia sawa vile Ilunga alitaka: tukamuosha, tukakula bukari, ile ugali yetu, mu sahani moja, tukanawa mu beseni moja. Binti yangu Mado njo alifua mashuka. Siku ya tatu, Mado akakufa. Mi nilifika ku lopitali sawa maiti, nikarudi. Mu avenue yetu, nyumba ine zilifanya kilio.

Makosa ni ya Ilunga. Ni ya dereva, alijua. Ni ya mi. Ilunga hakuombaka musamaha. Paka leo anakaa kiti cha mbele ku kila kilio.

Aksanti kwa Mama Béa, jirani yangu. Alinibeba ku mugongo paka ku barabara, wakati ba familia baliogopa kunigusa. Munasema Mungu aliniponyesha. Sijui. Mado naye alikuwa wake.

Somo yangu ni hii: ugonjwa haina miguu, sisi njo tunaibeba. Mwezi uliopita nilipanda kamio mu njia ile ile. Bwana mumoja alilala katikati yetu, ananuka lutuku, anaomba maji. Bantu banacheka. Pa barrière nikasema: "Huyu haiko mulevi." Bakamushusha. Dada yake akanitemea mate: "We muchawi, siku utakufa, nani atakulilia?"

Nikapanguza mate. Mado alililiwa muzuri sana.